Malengo ya lishe na mazoezi kazini: tuweke yapi ambayo watu watayafikia kweli?

mratibu_ustawi

Habari za leo wadau. Nimekabidhiwa kuratibu mpango wa afya kazini utakaoendeshwa kwa wiki 12. Tuko 120. Wengi wanakaa mbele ya kompyuta kutwa, wachache wako ghalani wakibeba na kupanga mizigo, na ghala lina zamu ya usiku. Tuna kantini inayopika mchana.

Kamati imeleta rasimu ya malengo, naiweka kama ilivyo:

- Kila mshiriki apunguze kilo 6.
- Hatua 10,000 kila siku, kuanzia siku ya kwanza.
- Mazoezi ya saa nzima, siku tano kwa wiki.
- Kuacha kabisa sukari na vyakula vya kukaanga.
- Atakayepungua kilo nyingi kuliko wote apewe zawadi nono.

Naona kabisa tutaanza na umati na kumaliza na watu wa kuhesabu vidoleni. Lakini maoni yangu hayatoshi kikaoni, nahitaji hoja na namba mbadala. Asiyefanya mazoezi kabisa aanzie wapi? Lengo la chakula linapimwaje bila kumfanya mtu ahesabu kalori? Zawadi zinasaidia au zinaharibu? Wenye ujuzi naomba msaada.

kocha_mwendo

Mratibu, rasimu hiyo ina tatizo moja linalojirudia karibu kila mstari: inampa kila mtu mwisho uleule bila kuuliza anaanzia wapi. Nitajibu upande wa mazoezi, wa lishe watakuja.

Kiwango cha kuelekea kinajulikana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au makali dakika 75 hadi 150, pamoja na kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Saa moja mara tano ni dakika 300. Kamati imechukua ukingo wa juu wa mwongozo na kuufanya mlango wa kuingilia. Mwongozo huohuo umeondoa sharti la zamani kwamba mazoezi yahesabiwe tu yakifika dakika 10 mfululizo. Hili litangazwe ofisini kwa sauti, maana anayepanda ngazi dakika tatu, mara nne kwa siku, tayari ana dakika 12 halali.

Hatua 10,000 nazo hazikutoka maabara. Namba hiyo ilienea kutoka Japani mwaka 1965, ikiwa ni jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichoingia sokoni baada ya Olimpiki ya Tokyo. Si namba mbaya, ila si mpaka kati ya afya na ugonjwa. Utafiti wa 2019 kwa wanawake wazee Marekani ulikuta waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache kuliko wa 2,700, na nafuu ikaendelea kuongezeka hadi karibu 7,500, kisha ikatulia. Kwa mtu wa mezani mwenye hatua 3,000, kuongeza 1,500 ni jambo zito.

Sasa utaratibu. Wiki mbili za kwanza ziwe za kupima tu: hakuna lengo, hakuna ubao wa majina. Kila mtu avae kifaa au abebe simu mfukoni, aandike hatua zake kila jioni. Siku tatu za mwanzo zitupeni nje ya hesabu, kwa sababu kifaa kipya humfanya mtu atembee kuliko kawaida yake. Na wakumbusheni kwamba simu iliyoachwa mezani haihesabu chochote. Mtu anaweza kwenda mikutano mitatu na kurudi, simu ikabaki na hatua 40.

Baada ya hapo, chukueni siku tisa za karibuni za kila mtu, zipangwe kutoka ndogo hadi kubwa. Namba ya sita kutoka chini ndiyo lengo la wiki inayofuata. Mfano: 2,600, 2,900, 3,100, 3,300, 3,400, 3,800, 4,100, 4,700, 6,200. Lengo ni 3,800. Mtu huyo ameshaifikia au kuipita namba hiyo siku nne kati ya tisa, kwa hiyo hawezi kusema haiwezekani, lakini bado inamvuta kwenye zile siku tano nyingine. Kila wiki mnarudia hesabu. Akiugua au akisafiri, lengo linashuka lenyewe bila mtu kumsamehe, na hapo ndipo mipango mingi huokoka.

Asiyetaka hesabu hiyo aongeze 1,000 juu ya kawaida yake, akae nayo wiki mbili, ndipo aongeze nyingine 1,000. Ni kama dakika 10 za kutembea kwa hatua 100 kwa dakika, na kwa watu wazima wengi hiyo ndiyo kasi ya mazoezi ya wastani. Mapitio ya tafiti yaliyotoka 2007 yalikuta kwamba wanaotumia vihesabu hatua huongeza wastani wa karibu hatua 2,500 kwa siku. Mtu wa 3,500 akimaliza wiki ya 12 akiwa na 6,000, amefanya kazi nzuri, na kamati ielezwe hivyo mapema kabla haijaanza kudai 10,000.

Kipimo rahisi cha ukali ni mazungumzo. Ukiweza kuongea sentensi nzima lakini huwezi kuimba, uko kwenye wastani. Ukipata maneno mawili matatu tu kabla ya kuvuta pumzi, umeingia kwenye makali.

Lengo lenyewe liandikwe kwa tukio, si kwa nia. "Nitajitahidi kutembea zaidi" halifai. Andika: "Nikishamaliza kula mchana, kabla sijarudi kiti changu, nitazunguka jengo kwa dakika 10. Mvua ikinyesha, nitapanda na kushuka ngazi za ndani." Ile sehemu ya mvua watu huiona ni mapambo, lakini lengo lisilo na mlango wa pili hufa siku ya kwanza yenye kikwazo.

Misuli: dakika 15, mara mbili kwa wiki, ziachane angalau siku moja. Kukaa na kuinuka kitini bila kushika, pushapu za ukutani, kuinua visigino, kuvuta mkanda wa mpira, na planki (kujishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka) ya sekunde 20. Kila zoezi lingine mara 8 hadi 12, mizunguko miwili. Mtu akiweza 12 kwa mkao sahihi vipindi viwili mfululizo, ndipo apandishe ugumu: kutoka ukutani kwenda ukingo wa meza nzito, kutoka mezani kwenda sakafuni. Kiti kiegemee ukuta na kisiwe cha magurudumu. Viti vya ofisi huteleza nyuma pale mtu anaposhuka, na anayeanguka akiwa na uzito wake wote kwenye mkia wa mgongo hatarudi tena.

Maumivu ya misuli saa 24 hadi 72 baada ya kipindi cha kwanza ni ya kawaida, waambieni kabla ili wasiogope. Maumivu ya kiungo, au yanayochoma mahali pamoja kwenye ugoko, si ya kawaida. Hayo huwapata zaidi wanaorukia kukimbia wiki ya kwanza. Wiki nne za mwanzo ziwe za kutembea tu. Anayetaka kukimbia aanze wiki ya tano: dakika moja kukimbia polepole, mbili kutembea, mara nane.

mlishe_kazini

Naunga mkono, na naanza na kilo 6 maana ndizo zinaniumiza zaidi.

Kwa mtu wa kilo 110, kilo 6 ni zaidi kidogo ya asilimia 5 ya uzito wake. Hilo ni lengo la maana, kwani kupungua asilimia 5 hadi 10 kunatosha kushusha shinikizo la damu na sukari kwa wengi walio na uzito uliozidi, na kwa kawaida hupangiwa miezi sita. Kwa mtu wa kilo 58, kilo 6 ni zaidi ya asilimia 10, na huenda hana hata moja ya kupunguza. Kwenye watu 120 mnao pia waliowahi kusumbuliwa na matatizo ya kula, na hawatajitangaza. Lengo moja la kilo kwa wote litawadhuru.

Kilo pia si kitendo. Mtu hawezi "kufanya" kilo mbili siku ya Jumanne. Anaweza kunywa maji badala ya soda siku ya Jumanne. Na mizani hudanganya mwanzoni: anayepunguza wanga ghafla hupoteza kilo moja au mbili wiki ya kwanza, nyingi zikiwa maji, kwa sababu akiba ya wanga mwilini hukaa na maji karibu mara tatu ya uzito wake. Wiki ya pili mizani inasimama, mtu anaamini ameshindwa, anaacha.

Malengo yawe ya vitendo, mawili tu kwa wakati mmoja. Kabla ya kuchagua, kila mshiriki aandike alichokula na kunywa siku tatu: mbili za kazi, moja ya mapumziko. Bila gramu. Nini, saa ngapi, alikuwa wapi. Ukisoma karatasi hiyo utaona lengo limekaa hapo lenyewe. Kwa mmoja ni vinywaji, kwa mwingine ni kwamba hali kitu mpaka saa nane mchana kisha anakula sahani mbili, kwa mwingine ni biskuti za vikaoni.

Sukari: Shirika la Afya Duniani linashauri sukari inayoongezwa, pamoja na ile ya asali na ya juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa anayehitaji kalori 2,000 hiyo ni gramu 50, au 25. Soda ya kawaida ina takribani gramu 10 kwa kila mililita 100, kwa hiyo chupa moja ya nusu lita imemaliza siku nzima. Anayekunywa vikombe vinne vya chai au kahawa, kila kimoja vijiko vitatu vya chai, naye yuko kwenye gramu 48 hivi. Msimwambie aache. Apunguze nusu kijiko kila baada ya wiki mbili. Ulimi huzoea polepole, na wiki ya 12 yuko kwenye nusu kijiko bila kuhisi ameadhibiwa. Akiacha ghafla, saa kumi jioni yuko kwenye keki.

Mboga na matunda: kiwango ni gramu 400 kwa siku, mafungu matano ya gramu 80. Fungu moja ni kama kiganja kilichojaa. Asiyekula hata moja mchana msimpe matano. Mpeni fungu moja kila mlo wa mchana wa kazini, siku nne kati ya tano. Ile siku ya tano ni ya makusudi: lengo la "kila siku" likivunjika Jumatano, mtu huiona wiki imeharibika na kuiacha yote. Jamii ya kunde na nafaka zisizokobolewa ziongezwe taratibu, pamoja na maji. Nyuzinyuzi zikipanda ghafla tumbo hujaa gesi, na mtu atawalaumu maharage kwa kosa la haraka.

Sahani: nusu mboga na matunda, robo wanga, robo protini. Hakuna mizani wala programu ya simu. Kupima ni kuweka alama ya ndiyo au hapana baada ya mlo. Ndiyo nne kwa wiki, lengo limefikiwa.

Kuhusu "kuacha kabisa vya kukaanga", neno "kabisa" liondoeni kwenye mpango mzima. Wekeni "mara mbili kwa wiki, badala ya tano", kama karatasi ya siku tatu inaonyesha ni tano.

jiko_kubwa

Naongezea la kantini kwa kifupi, maana nusu ya malengo ya mlishe yanaamuliwa jikoni kabla mfanyakazi hajafika na sahani.

Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ni karibu gramu 14, kalori 120. Mpishi anayemimina moja kwa moja kutoka kwenye dumu hawezi kujua ametia vingapi. Apime kwa kikombe kulingana na idadi ya walaji, aandike ukutani. Anzeni na kiasi mnachotumia sasa, punguzeni sehemu moja ya kumi kila wiki mbili, na msitangaze. Chumvi vivyo hivyo. Kikomo cha siku ni gramu 5, kijiko kimoja cha chai kilicho sawa, na hiyo ni kwa vyakula vyote vya siku. Kiwekeo cha chumvi kitoke mezani, kikae kaunta kwa anayekihitaji.

Mboga ziwe za kwanza kwenye foleni. Sahani ikifika ikiwa tupu hujazwa na kinachotangulia. Upawa wa mboga uwe mkubwa, wa wanga mdogo. Jagi la maji liwe juu ya kila meza. Haya hayahitaji nia ya mtu yeyote.

nesi_wa_zamu

Kabla ya wiki ya kwanza pitisheni fomu ya maswali machache: je, daktari amewahi kukuambia una tatizo la moyo au shinikizo la damu? Unapata maumivu ya kifua ukipumzika au ukifanya kazi? Umewahi kuzimia au kupoteza mizani kwa kizunguzungu mwaka huu? Una dawa unazotumia kwa ugonjwa wa kudumu? Una tatizo la mfupa au kiungo? Una ujauzito? Anayejibu ndiyo hafukuzwi, anaonana na mtoa huduma wake kwanza. Wengi wao ndio watakaonufaika zaidi.

Wawili wa kuangaliwa kwa karibu. Anayetumia insulini, au vidonge vya kisukari vya kundi la sulfonilurea, sukari yake inaweza kushuka sana akiongeza mazoezi au akiruka mlo. Huyo asiingie kwenye lengo la kupunguza wanga bila daktari wake kurekebisha dozi, na akifanya mazoezi awe na kitu chenye sukari mfukoni. Hapa "kuacha sukari kabisa" ni hatari halisi. Wa pili ni anayetumia dawa za moyo za kuzuia beta. Mapigo yake hayatapanda kama ya wenzake hata akichoka, kwa hiyo saa ya mkononi itamdanganya. Atumie kipimo cha mazungumzo alichotaja kocha.

Wajawazito wasio na tatizo la kitabibu wanaweza kufanya dakika 150 za wastani, ila lengo la uzito halipo kwao. Anayetumia kiti cha magurudumu ahesabiwe kwa dakika, si hatua.

Fomu hizo zisikae kwa msimamizi wa mtu wala kwa rasilimali watu. Na ripoti isitoke kwa kundi lenye watu chini ya 10. Mkiandika "ghala, zamu ya usiku, watu 4, wenye shinikizo 1", kila mtu ameshamjua.

takwimu_kwanza

Kuhusu zawadi, ya "aliyepungua kilo nyingi" ifutwe. Inawalipa walioanza na uzito mkubwa na walio tayari kujinyima maji siku ya kupima. Pia inawafundisha watu kula sana wiki ya kwanza ili wapimwe wazito.

Zawadi ndogo za kitendo zina ushahidi kidogo. Jaribio moja la Marekani lililochapishwa 2016 liliwapa wafanyakazi lengo la hatua 7,000. Waliowekewa pesa mapema kisha zikakatwa kila siku waliyokosa walifikia lengo asilimia 45 ya siku, dhidi ya 30 kwa wasiolipwa chochote. Waliolipwa kwa kila siku waliyofikia walikuwa 35, tofauti isiyoweza kutenganishwa na bahati. Malipo yaliposimama baada ya wiki 13, faida nayo ikayeyuka. Kwa maoni yangu, fedha hizo zinunue viatu vya kutembelea au ziboreshe ngazi zenye giza.

Jambo zito zaidi ni mnachoahidi kwa uongozi. Mwaka 2019 yalichapishwa majaribio mawili makubwa ambapo walioingia kwenye mpango walichaguliwa kwa kura. Moja, kwenye maduka ya rejareja Marekani, lilihusu wafanyakazi karibu 33,000. Baada ya miezi 18, walioandaliwa mpango walisema wanafanya mazoezi na kudhibiti uzito kuliko wengine, lakini uzito wenyewe, shinikizo la damu, utoro na gharama za matibabu havikutofautiana. La pili, Chuo Kikuu cha Illinois, lilionyesha jambo la kuangaliwa sana: ukilinganisha tu walioshiriki na wasioshiriki, mpango unaonekana wa ajabu. Ukilinganisha wote waliochaguliwa kwa kura na wasiochaguliwa, tofauti nyingi zinatoweka, maana wanaojiandikisha ni wale waliokuwa na afya na ari tangu mwanzo.

Kwa hiyo msiahidi kushusha bili ya matibabu kwa wiki 12. Ahidini mabadiliko ya tabia, ambayo yanawezekana na yanapimika.

kocha_mwendo

Naomba nitofautiane kidogo na takwimu kwenye ushindani. Kulinganisha timu kwa asilimia ya waliofikia lengo *lao wenyewe* hakudhuru, mradi majina hayaonekani. Aliyetoka 2,600 hadi 3,800 anachangia sawasawa na aliyetoka 8,000 hadi 9,000.

takwimu_kwanza

Nakubali kwa timu za watu 10 au zaidi. Timu ya watu wanne, mmoja akiugua kila mtu anajua nani amewaangusha.

mratibu_ustawi

Nawashukuru sana, hiki ni zaidi ya nilichotarajia. Maswali mawili yamebaki. Wa ghalani wanasema wao wanatembea hatua 14,000 kazini, mpango wa hatua ni wa nini kwao? Na zamu ya usiku wanakula wakati kantini imefungwa. Halafu mkurugenzi anataka namba moja tu ya kuonyesha mwishoni.

kocha_mwendo

Wa ghalani wana haki. Msiwape lengo la hatua. Wao wamesimama saa nane wakiinama na kubeba, na kazi nzito ya mfululizo haijengi mwili kama mazoezi yenye kupanda, kushuka na kupumzika. Lengo lao liwe misuli ya mgongo, nyonga na mabega mara mbili kwa wiki, dakika 15, *kabla* ya zamu au siku ya mapumziko, si baada ya saa nane za kubeba. Lengo la pili liwe mapumziko yenyewe: kukaa dakika tano kila saa mbili, miguu ikiwa juu kidogo. Hilo linahitaji msimamizi abadilishe ratiba, kwa hiyo lipelekeni kama lengo la kampuni.

mlishe_kazini

Zamu ya usiku: mlo mkuu uliwe kabla ya kuingia kazini, jioni. Kati ya saa sita usiku na saa kumi na mbili asubuhi mwili humeng'enya sukari na mafuta kwa shida zaidi, kwa hiyo hapo kiwe kitu kidogo: tunda na mayai, mtindi usio na sukari, kiganja cha karanga. Lengo linaloandikika: "Nitakuja na chakula changu usiku minne kati ya mitano, na baada ya saa sita sitakula sahani kamili." Wapeni friji na mahali pa kupashia moto, la sivyo lengo hilo ni la kwenye karatasi tu. Kahawa ya mwisho iwe angalau saa sita kabla ya kulala. Anayelala saa mbili asubuhi aishie saa nane usiku.

takwimu_kwanza

Namba moja: asilimia ya wafanyakazi *wote walioalikwa* waliofikia lengo lao binafsi angalau wiki 7 kati ya 10 za baada ya kupima. Mkazo uko kwenye "wote walioalikwa". Tuseme mmealika 120, wakajiandikisha 70, wakamaliza 40, wakafikia 30. Mkigawa kwa waliomaliza mna asilimia 75. Mkigawa kwa walioalikwa ni 25. Mpelekee mkurugenzi 25, na kando yake weka sababu za wale 50 wasiojiandikisha, mliowauliza kwa swali moja lisilo na jina: nini kilikuzuia? Majibu ya namna hiyo kwa kawaida ni muda, zamu, aibu ya kupimwa mbele ya watu, na kutoamini data inaenda wapi. Kila moja lina dawa yake kwenye awamu ya pili.

Pimeni tena mwezi wa sita tangu mpango uanze. Utafiti wa chuo cha University College London (UCL) kuhusu tabia mpya ulikuta kwamba kitendo huchukua siku 66 kwa mtu wa katikati mpaka kifanyike bila kujisukuma, lakini tofauti kati ya watu ilianzia siku 18 hadi 254, na mazoezi yalichelewa kuliko mambo ya kula na kunywa. Wiki 12 ni siku 84, na wiki mbili kati yake mmezitumia kupima. Kuna watu watakaokuwa bado njiani siku mnayofunga, kwa hiyo ratiba ya kutembea mchana na vipimo vya jikoni visifungwe pamoja na mpango.